Nyuki wa Ruaruke Wamelala

Nzi ana mabawa mawili, nyuki ana manne. Nalitanguliza hili, wajukuu zangu, kwa sababu najijua: nikianza kusimulia napita vichochoro, na baadhi yenu mtasinzia kabla sijafika ninakokwenda. Basi hata anayesinzia awe ameondoka na hilo moja. Wako nzi wanaovaa nguo za nyuki, mistari ya manjano na myeusi, wanatua kwenye ua kwa madaha kama bibi harusi, na mie walinidanganya msimu mzima. Mtazame mabawa. Halafu mtazame papasi, zile pembe za usoni. Za nyuki ni ndefu na zina kiwiko, kama mkono uliokunjwa. Za nzi ni vinundu tu, utasema alianza kuziota akasahau.

Kazi yangu ilikuwa kuwatambua nyuki wa porini. Najua linavyosikika. Marehemu mume wangu akiulizwa mkeo Siku anafanya kazi gani, alikuwa anajibu "yuko kwenye maliasili," kisha anauliza habari za mpunga. Nimewafuata nyuki Kibiti, nimewafuata Ruaruke, nimewafuata mpaka visiwa vya Mbwera, ambako unashuka mtumbwini na khanga safi na unarudi na tope mpaka kwenye kope. Shule niliishia darasa la pili. Mafuriko yaliibeba shule yetu, na maji yalipopungua hakuna aliyekuja kuniambia nirudi, na mie sikwenda kuuliza.

Niliajiriwa kupika. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, milango ya biashara ilipofunguliwa na kila kitu kikaingia kwa pamoja: sabuni za kunukia, khanga za Dubai, mitumba, wanunuzi wa korosho waliokuja na malori yao wenyewe. Na mradi. Mradi wetu sisi ulikuwa hema moja, ndoo kadhaa, gari lililopenda kusukumwa, na Bwana Nyuki. Kama mnavyomjua Bwana Shamba, serikali ilikuwa na Bwana Nyuki pia. Huyu wetu alikuwa mtu wa bara, mrefu, mpole, mwenye haya, na alikuwa na tabia ya kukata maneno katikati. Anaongea na wewe vizuri kabisa, ghafla ananyamaza, macho yameenda. Ukigeuka unakuta kuna mdudu kwenye ua.

Siku moja nachagua mchele, akanyamaza hivyo hivyo, anautazama mkono wangu.

"Huyo aliyekaa hapo kwako ni nani?"

Nani, alisema. Hakusema nini. Nikamwambia ni nyuki mdogo, wale wasiouma, anafuata jasho.

"Mwanamume au mwanamke?"

Nikamwambia hapo sasa ananitafutia maneno na watu. Lakini nilimtazama yule nyuki tena kabla hajaruka, na tangu siku ile nikaanza kuunguza wali.

Mwalimu wangu wa pili alikuwa Mzee Mkumba, mrina asali, Mndengereko wa Ruaruke, mwembamba kama mpini wa jembe. Yeye alifundisha kwa masikio. Alikuwa anasimama msituni na kufumba macho, na wewe ufumbe. Ukimuona nyuki kwanza, alisema, jicho litakudanganya na wewe utaliamini. Sikiliza. Nyuki wa asali anavuma kama mtu anayeguna akiwa na kazi. Yule mweusi mkubwa anayetoboa mbao anavuma kwa chini, mpaka kifuani unamsikia. Nyuki wadogo huwasikii kabisa, mpaka uweke sikio kwenye mti, na hapo unasikia kama watu wengi wananong'ona chumba cha pili.

Na alikuwa na mwiko wake. Hataji jina la nyuki mbele ya mlango wa nyuki. Anaelekeza kidevu, basi. Siku za mwanzo Bwana Nyuki hakulijua hilo. Anafika kwenye mti, anauliza hawa mnawaitaje, Mzee Mkumba anamjibu kwa adabu, "Wenyewe." Bwana Nyuki anaandika. Mti wa pili, nyuki wengine kabisa, anauliza na hawa je. "Wenyewe hao." Anaandika. Jua lilipofika utosini alikuwa ameandika wenyewe ukurasa mzima, na alikuwa anakuna kichwa kwamba kabila hili la nyuki lina sura nyingi mno. Tulipokaa kula, mbali na miti, Mzee ndipo akayataja majina yote moja baada ya jingine, akiwa anamumunya mfupa wa samaki. Tulicheka mpaka Bwana Nyuki akapaliwa. Lakini baada ya hapo na yeye alikuwa anaelekeza kidevu. Hata mjini, niliambiwa, hata dukani.

Nyuki wadogo mtawajua kwa mlango. Msihangaike na mwili, wote ni vidoti vyeusi. Mmoja anajenga mrija wa nta unaotokeza nje, laini, ukiugusa unapinda, na jioni wanaufunga kwa ndani kama watu wenye komeo. Mwingine anazungusha utomvu kwenye tundu, sisimizi akikanyaga ananasa. Mwingine hana mapambo, ni tundu tu na vichwa viwili vitatu vinakuchungulia, kama kina mama walio dirishani. Kisha wapo wanaobeba unga wa maua tumboni badala ya miguuni, tumbo zima la manjano. Hao ndio wanaokata majani kwa duara safi, utadhani fundi cherehani kapita, wakayakunja kama sambusa wakamlaza mtoto ndani.

Yule mweusi mkubwa wa mbao nilimkosea sana. Nilimwambia Bwana Nyuki nimeona aina mbili, mmoja mweusi mwenye mkanda mweupe, mmoja wa manjano mwili mzima, manyoya matupu. Akaniambia nitazame wanavyoishi. Nikatazama. Mweusi anatoboa boriti, anabeba, anatoka, anaingia. Wa manjano anasimama hewani mahali pamoja kutwa nzima, halindi kitu chochote ninachokiona. Nikarudi nikamwambia: hawa ni mtu na mkewe. Bibi kavaa baibui yuko kazini, bwana kavaa kanzu ya manjano yuko barazani. Bwana Nyuki akasema ndivyo hasa. Mkitaka kuhakikisha ni bwana, tupeni kijiwe hewani mbele yake. Atakifukuza. Kila mara atakifukuza, hajifunzi.

Sasa nifike kwa yule niliyetaka kuwasimulia.

Yuko nyuki mmoja ana mistari ya buluu, buluu ya chupa za dawa za zamani, ile inayong'aa ukiishika kwenye mwanga. Sisi tulimwita nyuki mistari. Anapenda kivumbasi na maua ya kunde. Anasimama mbele ya ua kama mtu anayesoma tangazo, halafu hayupo. Huwezi kumtazama. Sauti yake ni nyembamba, kama mtu anayeimba kwa pua, na ukiisikia ndiyo unajua ameshapita. Kumtambua kwa macho ilikuwa taabu tupu, tunabishana watatu tumeona nini, na kila mmoja kaona kipande.

Wake zao walikuwa wanachimba kwenye kuta za udongo. Ukuta wa jiko la dada yangu Mwajuma ulitobolewa kama chujio, na kila tundu lina bibi mmoja wa mistari. Lakini waume wanalala wapi, Bwana Nyuki alilitafuta jambo hilo tangu alipokuja. Mzee Mkumba alikuwa akisema wanalala nje, wanauma kijiti kwa meno na kuning'inia. Aliona utotoni, alipokuwa anaamia ndege na mama yake kwenye dungu, kile kibanda cha miguu mirefu cha kulindia mpunga. Bwana Nyuki hakumkatalia. Ila alikuwa anasema, Mzee, natamani na mimi niwaone, na alisema kama mtu anayetamani kumuona ndugu aliye safarini.

Mwajuma ni mkubwa wangu, tumbo moja. Mwaka ule alikuwa ametoka eda. Mumewe alimwachia mikorosho ng'ambo ya kijito, mizuri, imeshikana matawi, chini yake kivuli cha kijani ambamo hata sauti yako unaisikia kama ya mtu mwingine. Mashemeji zake walikuja, wakala, wakashukuru, kisha wakamwambia watamwachia msimu mmoja. Mikorosho ikizaa mikononi mwake, ni yake. Isipozaa, watajua kwamba hawezi kuitunza, na watampa mwanamume wa ukoo. Waliyasema kwa upole, na ule upole ndio uliomtisha.

Na mikorosho ilikuwa imechanua. Na ubwiriunga ulikuwa umeanza, ule ukungu mweupe unaokaa juu ya maua kama mtu kapepeta unga, na ua likishaliwa na ubwiriunga halishiki korosho. Dawa yake siku zile ilikuwa salfa, vumbi la njano linalonuka kiberiti, na linapulizwa kwa mashine. Sisi hatukuwa na mashine. Alikuwa nayo Hemedi wa Ikwiriri, kijana anaibeba mgongoni, kajifunga kitambaa usoni, macho mekundu msimu mzima. Anapita kijiji kwa kijiji, shamba kwa shamba, na akishapita harudi, wa mbele wanamsubiri. Zamu ya Mwajuma ilikuwa imekaribia.

Ndipo Mzee Mkumba alipowaona.

Alikuwa anakatiza shambani kwa Mwajuma alfajiri, kipupwe, umande mzito, akaona kwenye vijiti vikavu vya ufuta, ufuta uliosahauliwa chini ya mikorosho, vitu kama mbegu vimepangana. Akainama. Alikuja kunigongea bila hata kuvaa viatu. Nikaenda. Wanangu, sijui niwaeleze vipi. Walikuwa nyuki mistari, waume watupu, wamepangana kwenye kijiti mmoja juu ya mwingine, kila mmoja kakiuma kwa taya, miguu kaikunja tumboni, mwili umesimama wima kwa ule mng'ato tu. Na kila mmoja kafunikwa na umande, matone madogo madogo kwenye manyoya, na ndani ya kila tone kuna mkorosho mdogo uliopinduka. Nyuki ambaye hukuweza kumtazama hata kwa kupepesa jicho, sasa unamtazama mpaka uchoke. Nilihesabu mistari yake. Niliona ulimi wake umekunjwa chini ya kidevu. Niliona kwamba mmoja bawa lake limechakaa pembeni kama shela ya zamani. Tulihema kwa chini.

Hilo lishikeni kuliko yote nitakayowaambia: ukitaka kumjua nyuki anayekimbia, mtafute alfajiri ya baridi kabla jua halijamfikia. Tafuta kijiti chembamba kikavu, kilichojikinga na upepo, urefu wa kiuno. Usikitikise. Usimpumulie.

Mwajuma alipoelezwa alicheka. Alisema kwa hiyo wake wamelala ndani na waume wako nje kwenye umande, na watu wanasema wadudu hawana akili.

Bwana Nyuki wakati huo alikuwa ng'ambo ya mto, kwenye misitu ya kusini, na njia ya kumfikia ilikuwa pantoni ya Ndundu. Lilikuwepo lori limekuja kuchukua nazi. Mzee Mkumba alimpa utingo salamu, maneno machache ili yasipotee: mwambie Bwana Nyuki, nyuki wa Ruaruke wamelala wote shambani kwa Mwajuma, aje upesi. Utingo akampa mtu wa pantoni, mtu wa pantoni akampa Bwana Nyuki. Nimewauliza wote baadaye. Hakuna aliyepunguza wala kuongeza. Neno lilifika zima kama yai, na hiyo ndiyo ilikuwa balaa yake.

Maana kwao Bwana Nyuki, bara huko alikozaliwa kwenye mizinga, wanaume walikuwa wakirudi porini wanasema mzinga fulani umelala, na mama anashika kichwa. Mzinga uliolala ni mzinga uliokufa. Basi yeye pale Ndundu akasikia nyuki wa Ruaruke wamekufa wote, shambani kwa Mwajuma, aje upesi. Na alijua kijijini kwetu kunapulizwa salfa. Alifunga mizigo palepale, lakini pantoni ilikuwa imekwama kwenye mchanga, kwa hiyo akatanguliza neno na mtu wa mtumbwi mpaka kwa mwenyekiti wetu: salfa isimame Ruaruke yote mpaka nifike.

Mwenyekiti akasimamisha.

Hemedi alikuwa ameegesha mashine uani kwa Mwajuma. Alisikiliza, akafungua kitambaa usoni, tukaona kumbe ni mtoto mzuri. Alisema, "Mama, mie si mtu wa kusubiri wadudu. Kesho na keshokutwa nimo. Baada ya hapo nakwenda zangu, wenzako wananiita."

Mwajuma alienda shambani. Nilimfuata kwa mbali nikamkuta kashika shada la maua, anapangusa ubwiriunga kwa pembe ya khanga, ua baada ya ua. Mti mmoja una mashada mangapi, na yeye alikuwa anapangusa.

Bwana Nyuki alifika kesho yake jioni, kavimba miguu. Alikataa chai. Tulimwambia asubuhi, sasa hivi hutaona kitu, na yeye akatutazama kama watu tusio na huruma. Alfajiri tukaenda: Mzee Mkumba mbele, Bwana Nyuki, mie, Mwajuma, na Hemedi nyuma kabisa na mashine yake mgongoni, kwa sababu ilikuwa asubuhi yake ya mwisho. Ukungu ulikuwa chini, miti inaelea. Bwana Nyuki akainama kwenye kijiti cha kwanza. Akamgusa mmoja kwa ncha ya kidole. Hakutikisika. Ukimgusa nyuki wa baridi ni kama kugusa punje ya pilipili manga.

"Pole, Mzee," akasema. "Kweli wamelala."

"Si nilikwambia," Mzee Mkumba akajibu, uso umemng'aa.

"Wote?"

"Wote. Tangu jioni."

Bwana Nyuki akamtazama. "Na wewe unacheka, Mzee."

"Kwa nini nisicheke? Umewatafuta miaka."

Wakatazamana, watu wazima wawili wanaopendana, kila mmoja anamwona mwenzake kaharibikiwa akili. Mie ndipo kikanijia kitu, sijui kutoka wapi. Nikamuuliza Bwana Nyuki, kwao mzinga ukilala, nini kinafuata. Akasema hakuna kinachofuata, umekufa.

"Kwetu mtu akilala," nikamwambia, "anaamka."

Nikauvunja ule mwiko wa kupumulia. Nilizungusha viganja kwenye kijiti, sikukikamata, nikapuliza kwa mdomo wazi, pumzi ya moto ya kumpasha mtoto vidole. Mara ya kwanza kimya. Tena. Papasi moja ikanyanyuka. Ikashuka, ikanyanyuka, na mguu mmoja wa nyuma ukanyooka taratibu kama wa mtu anayetafuta kandambili chini ya kitanda. Kisha mwili mzima ukaanza kutetemeka, umande ukamruka, na ile sauti nyembamba ya puani ikaanza ndani ya viganja vyangu. Alikiachia kijiti, akakaa kidoleni kwangu, akajipangusa macho. Akaondoka.

Bwana Nyuki alikaa chini kwenye majani mabichi na suruali yake. Alikuwa anawatazama wengine waliobaki kwenye kijiti, mmoja mmoja, na Mzee Mkumba akachuchumaa pembeni yake akaanza kumwonyesha kwa kidevu.

Ningependa kuishia hapo. Lakini Hemedi alikohoa nyuma yetu akasema jua likitoka upepo unaamka, na salfa haipulizwi kwenye upepo, inakwenda yote kijijini. Inapulizwa sasa, hewa imetulia, umande upo, vumbi linashika. Akauliza tumeruhusiwa au hatukuruhusiwa.

Hapo ndipo Bwana Nyuki alipoliona, na sisi tukaliona. Wakati wa salfa na wakati wa usingizi ni wakati mmoja. Mashine ingepiga pale, vumbi lote lingeshuka juu ya wale waliolala, wameuma vijiti vyao, hawawezi hata kukimbia. Na tukingoja waamke, upepo umefika, Hemedi kaondoka, ubwiriunga umekula maua, mashemeji wamekuja na upole wao.

Bwana Nyuki alikuwa na mamlaka ya kukataza. Alimtazama Mwajuma, na mie najua alikuwa anamwachia yeye, na najua ilimuuma. Mwajuma alikuwa amesimama kajifunika khanga mpaka puani, anavitazama vile vijiti.

"Mtoto akilala penye moshi," akasema, "humwamshi, na humwachi. Unambeba."

Akachukua kisu changu cha mboga kiunoni mwangu. Akashika kijiti kwa chini kabisa, akakikata bila kukitikisa, akakibeba wima mbele ya kifua, mkono mwingine kaukinga mbele usipite upepo. Akaondoka nacho polepole kwenye ukungu, anatembea kwa nyayo kama mwanamke aliyebeba mtungi uliojaa mno. Sisi tukatawanyika. Mzee Mkumba akabeba, Bwana Nyuki akabeba vitatu kwa pamoja kama mishumaa, mie nikabeba. Hemedi aliona tunachelewa, akatua mashine chini, akabeba na yeye, uso kaugeuzia pembeni kwa haya. Tulipita pale chini ya miti, kila mtu na wanaume wake waliolala, tukaenda tukavichomeka kwenye mchanga nyuma ya jiko la Mwajuma. Na hawakuamka. Mmoja tu wa kwangu alinyoosha bawa, akalirudisha.

Hemedi akapuliza. Shamba likawa la njano.

Mikorosho ilizaa. Mashemeji walikuja wakati wa kuokota, wakatembea shamba lote mikono nyuma, wakala, wakashukuru, na neno la msimu halikutajwa tena na yeyote. Bwana Nyuki alianza kuwafundisha vijiji vingine kuwatafuta waliolala kabla mashine haijafika, na wapo waliomcheka, na wapo waliobeba. Mwajuma ile mikorosho alikaa nayo mpaka mwisho wake.

Lakini mie ninachokiona nikifumba macho ni jioni ya siku ile. Hemedi alikuwa ameshakwenda. Mwajuma akaniita tukaangalie salfa imekaa vipi. Jua limeshuka, linapita chini ya matawi, kila jani lina unga wa njano, na chini ya mikorosho tukasikia ile sauti ya puani. Walikuwa wamerudi kulala. Nilikuwa sijui kwamba kila mmoja ana kijiti chake. Walikuwa wamesimama hewani pale pale ambapo vijiti vilikuwepo, urefu wa kiuno, wamejipanga mmoja juu ya mwingine kwenye kitu kisichokuwepo. Wanasogea mbele kukiuma, wanakosa, wanarudi nyuma, wanasogea tena.

Mwajuma alitazama kidogo, kisha akakimbia nyumbani, mwanamke mtu mzima, kandambili mikononi. Alirudi na kijiti kimoja. Hakujua tulikitoa wapi hasa, sisi sote hatukujua, shamba ni kubwa na vijiti vinafanana. Akakishika kwa mbele akaingia nacho taratibu katikati yao, akakisogeza kushoto, kulia, chini kidogo. Wakatua. Mmoja juu, mmoja chini yake, mwingine chini yake, wakauma, wakakunja miguu, sauti ikazimika moja moja mpaka shamba likawa kimya.

Alikuwa bado kakishika. Ardhi pale ilikuwa ngumu, kukichomeka ni kukigonga, na kukigonga ni kuwaamsha. Alinigeuzia macho tu, shingo hakuthubutu kuigeuza.

"Siku," akaniambia kwa sauti ndogo kabisa. "Sasa mie nitaondokaje?"

Nikaenda kumletea kigoda.